Kapu Lako Linapika Maharage

Kakoba, Mbarara
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Munezero,

Tumsifu Yesu Kristo! Mguu unaendeleaje huko Kigoma? Ulipokuzuia kuja harusini nililia, lakini kapu lako lilifika, nalo ndilo limenifanya nikae kuandika. Sisi ni wazima, na mimi ni zaidi ya mzima: miezi miwili tangu niwe mke wa Régis, na bado nikimwona asubuhi akifunga kamba za viatu moyo unaruka. Usinicheke.

Chumba chetu ni kimoja: huku kitanda, huku viti viwili, katikati pazia. Mzee Isma, mwenye nyumba, ametuwekea bati moja linalopitisha mwanga, basi mchana hatuwashi taa kabisa. Maji nachemsha asubuhi tu, nayatia kwenye chupa ya chai mpaka jioni. Pasi tunaiwasha Jumamosi peke yake, na shati la mwisho nalinyoosha nikiwa nimeshaichomoa. Umeme wa wiki mbili sasa unafika mwezi mzima! Régis ananiita waziri wake wa nishati.

Lakini kapu, Shangazi! Unajua maharage yanavyokula makaa kabla sisi hatujayala. Mimi nayaloweka usiku kucha, nayachemsha nusu saa kwa moto mkali, kisha sufuria naitia ndani ya kapu lililojaa majani makavu ya migomba, nafunika kwa blanketi. Makaa nayazima, yanangoja kesho. Saa nne baadaye maharage yameiva yenyewe. Kabla ya kupata blanketi nilifunika kwa koti la Régis, akaenda nalo mazoezi ya kwaya likinuka maharage. Wenzake wakamwita Bwana Sufuria.

Sasa sikia. Nshimirimana, yule muuza maharage wa kambi ya Nakivale, alipita kwetu mchana nikiwa bombani kuchota maji. Akakuta mbabula, jiko langu la makaa, baridi, majivu yamekufa. Nawe unajua kwetu: jiko lisilotoa moshi mchana ni njaa au ugomvi. Akarudi Juru, kule kambini kwa wakwe zangu, na habari kwamba bibi arusi hapiki. Mama mkwe, Mama Pascasie, akapiga simu: Alhamisi anakuja, na asipokuta moto atamleta Diane, mdogo wake Régis, akae nasi atupikie. Shangazi! Chumba kimoja! Pazia moja!

Régis alinisihi niwashe moto wa kumridhisha tu. Nikakataa. Nalijua kapu langu.

Alhamisi Mama mkwe alifika saa saba, amebeba mzigo wa kuni kichwani. Kuni, mjini! Akaenda moja kwa moja kwenye mbabula, akaigusa kwa kiganja.

“Mkamwana, mwanangu anakula nini hapa? Upepo?”

“Karibu ukae, Mama. Nawa mikono kwanza.”

“Ninawe nile nini?”

Nikafungua kapu. Mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma hatua moja. Akachukua harage, akalibana kwa vidole, likapondeka.

“Nani alikuja kukupikia?”

“Shangazi yangu wa Kigoma.”

Akachungulia nyuma ya pazia kukutafuta! Régis alicheka mpaka akakaa chini.

Mama mkwe alikula sahani mbili. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama kapu hilo linatosha maharage ya watu saba. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye na Diane hutoka alfajiri mara tatu kwa wiki kutafuta kuni, na kila mwaka wanakwenda mbali zaidi. Nikamfungia kapu pamoja na majani yake, nikamfundisha hatua zote. Kuni akaniachia mimi. Kuhusu Diane hakusema tena, ila pale mlangoni alinibonyeza mkono: “Atabaki kwangu. Ninyi mna pazia lenu.”

Usinikasirikie kwa kutoa zawadi yako. Ungeona lilivyopanda gari kichwani mwake, wima kama siku ya harusi!

Sasa napikia ndani ya boksi. Blanketi halikai vizuri humo, kwa hiyo koti la Régis limerudi kazini. Kesho ataimba misani akinuka maharage, nami nitakaa kiti cha mbele nivute harufu ile kwa furaha.

Nisalimie Baba Thaddée na watoto wote wa nyumbani. Mungu auimarishe mguu wako uje ulale kwetu, tutalisogeza pazia.

Wako akupendaye sana, na sasa mke wa mtu,
Belyse