Kila Almasi Naitia Dosari

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nimefika mahali najionea aibu mwenyewe. Nauza vito, na kuna mteja, fundi seremala, anatafuta pete ya uchumba, siku ya kwanza alikuja hajui lolote, anataka tu jiwe kubwa, nami nikamwelekeza kwamba ukubwa si kitu kama almasi imekatwa vibaya kwa sababu haitang'aa, kwamba taa za dukani hudanganya kwa hiyo jiwe litazamwe dirishani, na kwamba kidoa kisichoonekana kwa macho si cha kumnyima mtu usingizi. Basi tukawa tunasimama dirishani bega kwa bega, na kwa kuwa kidole changu kinalingana na cha mchumba wake, pete ananivalisha mimi, anauinua mkono wangu kwenye mwanga, anauliza, "Hii vipi, dada?" na mimi, Mungu anisamehe, nasema bado, hii ina umanjano, ile imekatwa ovyo, ili mradi tu arudi. Ilipoletwa iliyo safi kuliko zote, nikaificha kwenye droo. Juzi kaniambia, "Mwenzangu ameanza kuuliza kama nimebadili mawazo. Lakini wewe usiposema ndiyo, sinunui." Nampenda, mshauri, natamani aje hata leo. Nifanyeje?

Muuza Vito

Binti yangu, pole. Kuvalishwa pete kila mara na mwanamume unayemtamani, hata mimi moyo ungenienda mbio. Sasa nikuseme. Duka zima la vito halina pete za kupimia vidole? Zipo, na unajua zilipo.

Najua pia unachongoja nikuambie: kwamba pengine naye anazuga, kwamba mwenye haraka ya kuoa angekwisha nunua. Sikuambii. Kama anakutaka, mdomo anao. Huyo amekuamini, nawe unamchezea.

Akija, toa hilo jiwe ulilolificha kwenye droo, mpeleke dirishani, mwambie, "Hili ndilo," na unyamaze. Risiti aandike mwenzako wa kazini. Kisha omba ruhusa, nenda nyumbani ukalie mpaka uchoke, kulia hakumdhulumu mtu. Lakini kuna mwanamke mahali ambaye naye anatamani kama wewe, anakitazama kidole chake kitupu na kujiuliza ana kasoro gani. Hana kasoro yoyote, binti yangu. Na anayejua hivyo ni wewe peke yako.