Kiti cha Mgeni

Shoga, hebu sikia! Nimetoka kwa kina Leszek sasa hivi.

Si wanafuga samaki kwenye tangi, chini ya mboga zinazonyweshwa maji yake? Wa Krismasi walimtia kwenye beseni la kuogea, maji safi bila chakula, harufu ya tope imtoke. Wioletta, mke wa Leszek, akamhurumia. Akamlisha mkate kwa siri!

Mama mkwe wake alipompasua samaki akaukuta mkate tumboni. Akampika vivyo hivyo.

Mezani, mbele yetu sote: "Bibie, samaki wa mkesha halishwi. Asiyejua hilo ni mgeni."

Akamwonyesha kile kiti kitupu ambacho kila mkesha wa Krismasi tunamwachia mpita njia. Kile kiti, shoga!

Wioletta akamgeukia mumewe, amtetee. Leszek akabeba sahani ya mkewe, akaiweka mbele ya kile kiti.

"Karibu, mgeni."