Dada, Chombo Chako cha Murano Wamekichukua

Dada Mapendo,

Haya nimeshindwa kukuambia kwa maombi. Nikipiga magoti naona aibu mbele ya Mungu, na mbele yako pia. Ndiyo maana nimechukua daftari la mwanao Neema nikuandikie. Jumapili tatu sasa sijashiriki meza ya Bwana. Mchungaji anadhani ni kilio cha msiba wako. Namwacha adhani hivyo.

Dada, kile chombo chako cha kioo wamekichukua.

Unakumbuka ulivyokileta hapa mtaani Berea, kimeviringwa kwenye kitenge, umekipakata ndani ya teksi kama mtoto mchanga? Bluu ndani, nyekundu nje, kioo kizito kilichopulizwa huko Murano, Italia, kabla sisi hatujazaliwa. Bibi mwajiri wako wa mtaa wa Observatory, yule Mwitaliano uliyemwogesha na kumlisha miaka tisa, alikupa mwenyewe kabla hajafa. Mimi nikaona ni pa kuwekea miiko. Ulipiga kelele mpaka majirani wakatoka: "We Furaha! Toa miiko yako! Watu wanakitafuta hiki dunia nzima, wewe unakinukisha mboga ya sombe!" Tulicheka siku ile mpaka machozi. Kisha ukakigeuza ukanionyesha chini: kikaratasi kimebandikwa, jina lako kwa mkono wa bibi unaotetemeka, na sahihi yake. Ukasema, "Hiki ndicho kitakachomsomesha Neema."

Tulipokwisha kukuzika, akina mama wa kanisa walikuja kufua na kuosha vitu vyako vyote kabla ya kuvigawa, kama tunavyofanya kwetu Uvira. Mablanketi, sufuria, viatu. Chombo sikumwachia mtu, niliogopa watakivunja. Nikakiloweka mwenyewe kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, nikawa nakisugua huku nalia, na kilichonata chini nikakikwangua kwa kisu. Niliposhtuka, jina lako lilikuwa limegeuka uji kwenye vidole vyangu. Dada, nilikuwa nakuosha wewe. Akili haikuwapo.

Nikajifariji: nani atauliza?

Aliuliza mtoto wa bibi. Alirudi kutoka ng'ambo kuuza nyumba, akakuta pengo kwenye kabati la vioo vya mama yake. Alikuja na mzee mmoja anayewanunulia vioo vya kale watu wanaovikusanya. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole chini. Akasema taratibu, "Hapa palikuwa na kitu. Kimekwanguliwa." Yule mwana akanitazama. Nikajua anafikiri nini: kwamba tumefuta alama ili tufiche wizi.

"Mama yangu alimpa, au dada yako alichukua?"

Majirani walikuwa wamejaa kwenye korido. Karatasi zangu za ukimbizi zimeisha muda, unajua, na yeye simu ilikuwa mkononi, anataja polisi. Ulimi wangu ukasema, "Labda alichukua. Mimi sijui."

Sijui! Na kikaratasi nilikiona kwa macho yangu haya.

Eish, hata hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuja nalo. "Basi, ameshakufa, tuyaache." Wakakiviringa kwenye kitenge chako, wakaenda nacho.

Neema alikuwa amesimama karibu na jiko. Mtoto ambaye hunijibu Kiingereza siku zote, akaniambia kwa Kiswahili chetu, "Mama mdogo, mama hakuiba. Wewe unajua." Tangu siku ile anapika chakula chake peke yake, anakula amenipa mgongo. Na hapa kwenye jengo wananong'ona. Mama Rehema, aliyekuwa akikuita mtakatifu wetu, juzi kaniambia kwenye ngazi, "Kumbe ndivyo alivyokuwa?" Nikapita kimya. Mara ya pili nakukana, dada.

Jana nilimweleza Neema yote, tangu beseni mpaka kisu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Tunaenda lini?"

Jumamosi wanauza vitu vya nyumba ya bibi, watu watajaa uani. Chombo sijui kama kitarudi, pengine kimeshauzwa, na hilo mwanao atanidai maisha yangu yote. Lakini tutapanda Observatory kwa miguu, mimi naye. Kiingereza changu kinakatika, kwa hiyo nitasema Kiswahili, Neema awe mdomo wangu: Mapendo alipewa. Kikaratasi nilikiharibu mimi. Nilidanganya kwa woga. Akiita polisi, na aite. Nimeshamwomba mke wa mchungaji akae na Neema kama sitarudi.

Pumzika, dada yangu. Siombi unisamehe kabla ya Jumamosi. Nakuahidi hili tu: nitasimama katikati ya ua wao, nitaje jina lako lote, la kwako, la baba na la ukoo, kwa sauti, mpaka wote wageuke.

Mdogo wako,
Furaha