Mwezi wa Uzazi Si Aibu

Hangzhou

Kwa Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Baba. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Na bata, wameanza kutaga? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Doudou ananyonya kama anayekimbizwa. Nakuandikia maana kwenye simu mama mkwe husikia kila neno, na wewe ukianza kulia, nami nalia.

Mama, unaijua ile kampuni yetu ya mtandaoni, pale juu ya duka la tambi. Mzazi aliyejifungua juzi, akiwa ndani mwezi wake wa uzazi, anafungua simu, anachagua mama wa mkoa wake, naye anampikia supu ya kwao na kumpelekea. Basi wiki iliyopita walikuja waandishi wa magazeti ya nje, wanazunguka kutazama kampuni changa za Kichina wakawaeleze wasomaji wa kwao. Kampuni ndogo kama yetu mgeni huibishia hodi mara moja tu. Asipoielewa, ndiyo basi.

Bosi wetu, Shen Ruolin, alinipigia nikiwa kitandani, akanisomea maneno aliyowaandalia wageni. Mwezi wa uzazi haumo! Ati sisi ni huduma ya lishe bora. Nikamuuliza, dada, wazazi wetu wamekwenda wapi? Akasema wageni wakisikia mwanamke anakaa ndani mwezi mzima, haoshi kichwa, hagusi maji baridi, watatuona washamba. Nikamwambia kama ni ushamba, basi tunauza ushamba, na unanunuliwa. Akacheka, lakini hakubadilisha neno.

Nikalala nikigaagaa. Kuku wa tangawizi na pombe tamu ya mchele, uliyenifunza wewe kumpika, leo aitwe lishe? Nikainuka.

Mama mkwe akasimama mlangoni na mwiko wake. Akauliza nakwenda wapi na mifupa ambayo haijajifunga tangu nizae. Nikamjibu nakwenda kuutetea mwezi wa uzazi. Akasema hajapata kuona mtu anayelinda nyumba kwa kuvunja mlango wake, na upepo ukiniingia nisije kulia kwake. Nikamwambia, mama, nitalia kimya kimya. Nikamfunga Doudou kifuani, nikavaa kofia ya sufu, nikatoka.

Nilimkuta Ruolin ofisini mbele ya waandishi, katikati ya hotuba yake ya lishe. Kiingereza sina, nikamwomba mkalimani ayapeleke maneno yangu kama yalivyo. Nikawaambia mtoto huyu hajatimiza mwezi, na mahali pangu leo ni kitandani. Mgeni mmoja akauliza kama huko si kumfungia mwanamke ndani. Nikamjibu kwamba wa kuhurumiwa si yule anayelala akiletewa supu, ni yule asiye na wa kumletea.

Hapo, Mama, ndipo nilipofanya jambo ambalo lazima nikuambie mwenyewe. Nilikutaja wewe. Nilisema mama yangu alipotoka kunizaa hakuwa na mtu nyumbani, akaingia shambani, akasimama kwenye maji ya baridi akipandikiza mpunga, na magoti yake hayajapona hadi leo. Najua hukutaka hayo yavuke kizingiti. Nimeyavusha, mbele ya wageni na kamera zao, na sijuti.

Jioni Ruolin akafuta neno lishe kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni wa wageni, akaandika mwezi wa uzazi, mstari wa kwanza kabisa. Waandishi wataandika nini, sijui. Natumaini mema.

Nimesharudi kitandani. Mama mkwe ameniletea supu, bakuli limejaa hadi ukingoni. Hajui kwamba kabla ya kutoka niliosha nywele, nawe usimwambie!

Mwezi wangu ukiisha nakuja kukuchukua. Utalala kitanda hiki hiki, mwezi mzima, maji baridi huyagusi, na mpishi ni mimi. Usinibishie. Mwezi wako umechelewa tu, haujapotea.

Msalimie Baba, na majirani wote wanaoniulizia. Doudou anakupungia ngumi.

Binti yako asiyekuficha kitu,
Yao Cailian