Masaa Kumi na Nane Hadi Mzenga

Toronto

Mdogo wangu Tatu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, umenuna, lakini naitikia hivyo hivyo, mkubwa ni mkubwa. Unakula? Eda isikukondeshe, ulishakuwa mwembamba kama mti wa muhogo tangu utotoni. Macho yangu, yaliyonileta huku kwa mwanangu, yamepona. Kazi yake sasa ni kulia tu.

Uliponipigia kwamba mumeo Kibwana ametutoka, ukasema mazishi kesho saa nne, nilifoka: "Asizikwe mpaka nije!" Unajua mwenyewe. Kwako alikuwa mume, kwangu binamu na mtani. Tuliahidiana tangu ujana: atakayebaki ataingia kwanza kwenye kaburi la mwenzake, alale humo, akatae kutoka mpaka apewe jogoo. Nilimwambia, "Miguu yako hiyo mirefu, lazima nikupimie." Akanijibu, "Utapima na tumbo hilo? Si utaziba shimo!"

Mjukuu wangu Zena akatazama kwenye simu. Kilomita elfu kumi na mbili na ushee, masaa kumi na nane pamoja na kubadilisha ndege. Inaondoka saa mbili usiku. Nikahesabu kwa vidole, kwa darasa langu lile la nne: saa nane mchana niko Dar, Alasiri niko Mzenga. Nikakwambia mnisubiri hadi Alasiri. Wazee wakanung'unika, wakakubali.

Tuko uwanjani, begi limeshapimwa, Zena akanishika mkono. "Babu, kule wametutangulia masaa saba. Utafika Dar saa tatu usiku."

Na mimi nilikuwa nalijua hilo, Tatu! Kila nikimpigia Kibwana kabla sijalala, yeye anatoka swala ya Alfajiri, namwuliza, "Wewe uliyefika kesho, kuna nini huko?" Siku ya kuihitaji hesabu hiyo, nikaisahau.

Sasa nisikilize, maana kwenye simu nilikudanganya. Nilisema ndege imeharibika. Haikuharibika kitu. Nilijua kwamba siwahi tangu kwenu hakujapambazuka. Ningekupigia, mngemzika saa nne yake. Niliishika simu, nikaona nikitamka tu, basi, Kibwana amekwenda. Nikairudisha mfukoni. Nikarudi nyumbani na begi langu, nyie mkakaa na maiti mkiitazama barabara ya Mlandizi, hadi mchimba kaburi akauliza, "Huyo mtani wenu anakuja kwa ndege au kwa baiskeli?" Uliponisimulia hayo ulicheka huku unalia, na mimi nikaumeza uongo wangu. Nimemsubirisha mumeo kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakunywa chai Toronto. Kisha mkamshusha, na hakuna aliyemlalia kaburi lake, hakuna aliyecheka.

Nisamehe, mdogo wangu. Ukishindwa, nitukane, lakini nitukane kwa barua ndefu.

Nisalimie mwanao fundi cherehani, na imamu aliyetuvumilia. Mchimba kaburi mwambie kwa baiskeli ningefika.

Na mwanao akienda kaburini, amwambie baba yake kwamba ameingia bila kupimiwa, miguu ikikunjika asinilaumu. Amwambie jogoo wangu sijamsahau. Halafu amwulize kwa niaba yangu, maana simu yake naipiga kila siku kabla sijalala na haiiti: wewe uliyefika kesho, kuna nini huko?

Kaka yako aliyekosa hesabu,
Pazi