Bibi Aliing'arisha Sahani ya Kombe

Jumamosi. Tangu alfajiri ni manyunyu tu, hayaachi na hayanyeshi, na Mji wa Kale wote unanuka kuta mbichi. Nina hasira ambayo sina wa kumpelekea. Nikimpelekea mwenyewe nitamvunja moyo. Basi shajara, pokea wewe.

Bibi ameniharibia utafiti wangu. Kwa mapenzi.

Wacha nianzie Lisboni, maana kila nikifumba macho niko huko. Mwezi uliopita darasa letu la historia ya sanaa lilitoka Nairobi likapelekwa Ureno kutazama makanisa, vigae na makumbusho. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, nimekua nikicheza chini ya kuta za Ngome ya Yesu, na nilikuwa na hamu ya kuona kwao hao waliotujengea. Kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Kila kilima nilichokipanda nilihema nikiwaza biriani.

Siku moja tukaingia makumbusho madogo, na ndani ya kioo nikaona sahani nyeupe ya Kichina, pembeni ina maua ya buluu. Uso wake ulikuwa na nyufa nyembamba za unywele, na ndani ya nyufa mna rangi ya manjano. Wenzangu wakapita. Miguu yangu ikagoma. Nilikuwa na miaka sita tena, nina homa, nimelala mapajani mwa Bibi.

Kwetu mtu akiugua, au mwanamke akishikwa na uchungu, huandikiwa kombe. Maalim huchukua zafarani iliyorowekwa kwa marashi ya waridi, akaandika aya za Qur'ani, kama za sura ya Yasini, juu ya sahani nyeupe. Kisha maandishi huoshwa kwa maji, na maji yale mgonjwa akayanywa. Sahani ya nyumba yetu hukaa kidakani, kwenye kile kishubaka cha ukuta wa ukumbini, na mtaa mzima huja kuiazima. Nakumbuka ule uchungu mdogo wa zafarani, harufu ya waridi, na kidole gumba cha Bibi kikinifuta kidevu. "Nywa yote, mama," alikuwa akiniambia. "Usibakishe hata herufi." Ewe shajara, ningelipa nini nirudi pale mapajani, hata kwa homa!

Dakta Mwende, mwalimu wetu, alikuwa akieleza kwamba manjano yale huenda ni gundi ya zamani. Mdomo wangu una kiherehere, ukatangulia.

"Hiyo si gundi. Hiyo ni Yasini."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza nina ushahidi gani, nikamwambia uko Mombasa, kidakani kwa bibi yangu.

Huo ndio ukawa utafiti wangu. Niilete sahani ya Bibi, maabara wayapime manjano ya kwenye nyufa. Ikipatikana zafarani, nitaandika tasnifu juu yake, na Dakta atanipendekeza nirudi Lisboni kusoma zaidi na kuilinganisha na ile ya kwenye kioo. Jamani, niliitaka nafasi hiyo mpaka nikawa naiota.

Nikampigia Bibi simu. Maneno yangu nayakumbuka, ole wangu: "Bibi, niwekee ile sahani ya kombe. Nataka kuipeleka chuoni watu wakaione."

Watu wakaione! Kwani mimi nimelelewa wapi? Ni mwanamke gani wa Mji wa Kale utakayemwambia chombo chake kitatazamwa na watu, kisha akuache utoke nacho kina madoa?

Jana nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni mrehani. Ule mrehani wa Bibi wa kwenye kopo, pale uani, ambao tangu utoto wangu sijauona ukinyauka, umekauka wote. Nikadhani ni jua. Kumbe maji yaliyogusa sahani ya kombe hayamwagwi mferejini, humwagiwa mti, ndiyo adabu yake. Na Bibi kwa adabu zake aliumwagia mrehani maji aliyoloweshea sahani, maji ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Leo asubuhi baada ya chai akanitolea sahani, ameifunga kwa leso mpya. Nyeupe pee! Ameilowesha, akaisugua kwa ndimu na jivu, akailowesha tena.

"Haya, fungua mato uone," akasema, furaha imemjaa usoni. "Kitu cha nyumba hii hakitoki mbele za watu kichafu. Wasije wakasema huko Nairobi ati bibiye Zulfa hajui kuosha vyombo."

Nikaitazama mpaka pua inagusa. Nyufa zote safi. Homa zetu zote na uzazi wa mtaa mzima vimekwenda kwenye kopo la mrehani.

"Mbona, sikuisugua sawasawa?"

"Umeisugua sawasawa, Bibi."

Nikasema nakwenda Marikiti kununua ndimu. Nikalia chini ya mwavuli mpaka Makadara, na muuza madafu mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia ni sahani. Akaniambia pole dada, Mungu atakupa nyingine. Nikacheka huku nalia, kamasi na machozi kitu kimoja.

Pale pale nikamwandikia Dakta. Jibu lake lilikuja upesi. Huenda ndani kabisa ya nyufa kumebaki chembe, akasema, tusikate tamaa. Nisiioshe tena, lisiingie hata tone la kitu, niilete kesho kama ilivyo. Roho ikanirudi! Nikageuka mbio nyumbani, ndimu sikununua.

Nikamkuta Mama Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amekaa ukumbini na buibui lake limeloa. Binti yake Rukia yuko hospitali na uchungu tangu jana, mambo hayaendi. Maalim ameshaitwa, zafarani iko tayari. Amefuata sahani.

Bibi alinitazama mimi. "Sahani nimeshampa Zulfa. Muulize yeye."

Shajara, hapa sitakudanganya. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba sahani nyeupe zimejaa Mombasa nzima, kwa nini hii? Nilikuwa nikiifikiria ile chembe ya mwisho ndani ya ufa. Zafarani mpya ikiingia tu, basi, hakuna maabara itakayoniambia ipi ya leo na ipi ya zamani. Tasnifu imekwisha, na Lisboni imekwisha.

"Mwanangu, sikulazimishi," akasema Mama Rukia. "Lakini Rukia mwenyewe nilimpata kwa sahani hiyo. Na mamako alikupata wewe."

Hakusema kwa kunisuta.

Nikaikumbuka ile ya Lisboni, taa juu yake, kioo pande zote. Nzuri, wallahi nzuri. Na hakuna jirani hata mmoja anayeweza kubisha hodi akaiazima.

Nikampa, pamoja na leso yake.

Maalim akaandika, maji yakatiwa kwenye chupa, chupa ikapanda tuktuk kwenda hospitali. Mimi na Bibi tukakaa kuchambua mchele. Nilikuwa nazisikia punje zikianguka kwenye ungo, na nikakumbuka jinsi alivyonifundisha kuchambua, miguu yangu ikiwa haijafika chini kwenye kiti. Vidole vyake siku hizi vinatafuta punje kwa kupapasa. Ndiyo maana hakuyaona manjano kuwa ni kitu. Aliyaona uchafu, tena kwa shida.

Baada ya alasiri vigelegele vikapasua ukuta. Mtoto wa kike, na mama yake mzima. Kama ni kombe, kama ni daktari wa zamu, kama ni vyote viwili, sina maabara ya kupima hilo. Nilijikuta namkumbatia Bibi, mchele ukamwagika.

Sahani ilirudi kabla ya magharibi, imejaa kaimati, maana kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Shira yake ya sukari imepenya kila ufa. Dakta angeiona angezimia! Tumezila zote, Bibi akaramba vidole, kisha akainuka kwenda kuosha sahani.

"Niachie mimi, Bibi."

Nikaiosha kwa maji matupu, polepole. Maji nikayapeleka uani. Bibi ameshachomeka kitawi kipya cha mrehani katika kopo jingine, sijui kama kitashika. Kisha nikaisogeza sahani kwenye taa, nikachungulia nyufa. Manjano siyaoni. Labda kwa mbali, labda ni taa.

Nimemwandikia Dakta kwamba sahani haiji, na nimemweleza kwa nini. Hajajibu. Huenda Lisboni nimeshaiaga, na inaniuma, sitajidai hainiumi. Ile baridi, vile vilima, hata kule kuhema, leo navikumbuka kwa upendo.

Kesho napanda basi mikono mitupu. Sahani nimeirudisha kidakani mwenyewe. Bibi anasema niisukume ndani vizuri isije ikaanguka, maana Rukia ana wadogo zake wawili, na mmoja ameshaposwa.