Mtofaa Uliongoja Baridi

Jumamosi, Mbotela, Nairobi. Manyunyu tangu asubuhi, nguo hazikauki, nami nimevaa sweta ya marehemu juu ya yangu. Moyo mzito.

Leo tumeukata mti wa Wycliffe.

Wycliffe ni mume wangu aliyefariki mwaka jana. Mti wenyewe ni mtofaa alioupanda mbele ya nyumba siku aliyorudi kutoka kazini Industrial Area akiwa amekumbatia mche kama mtoto. Mchuuzi wa Barabara ya Jogoo alimwonyesha picha ya matofaa mekundu, naye hakuuliza hata swali moja. Ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa kuamini.

Mti ulikua ukapita dirisha. Majani tele, tunda hata la dawa hakuna. Majirani wakamtania kwamba anafuga kivuli. Jibu lake lilikuwa lile lile: subira huvuta heri.

Tangu tumzike nimeutunza kuliko alivyoutunza yeye. Maji, majivu, mbolea ya kuku. Ila nitasema ukweli, kwa kuwa humu daftarini hakuna wa kunicheka. Sikuwa nataka matofaa. Mradi mti haujazaa, niliona kama kazi ya Wycliffe bado haijaisha, kwamba yuko mahali na atarudi kuimaliza.

Wiki hii nilikata tawi nikalipeleka kwa Mama Wairimu, mtu wa Kinangop anayeuza miche kando ya barabara. Akaligeuzageuza, akaniuliza taratibu nani aliyetuuzia. Akanieleza kwamba hii ni aina ya nchi za baridi, inayotaka miezi ya baridi kali ndipo ijue wakati wa kuchanua. Julai yetu inatutetemesha sisi, lakini mti wa namna hii hauioni kuwa baridi. Kwa Nairobi, akasema, nichague Anna, aina isiyodai baridi nyingi, na kando yake nipande Dorsett Golden, inayochanua wakati mmoja nayo.

"Anna usimpande peke yake," akaniambia. "Maua atatoa, lakini matunda utayatafuta."

Na hata hao wawili husaidiwa. Kwa kuwa huku majani hayaanguki yenyewe, ukishavuna unayachuma yote kwa mkono. Mti unabaki mtupu, unapumzika, halafu unatoa machipukizi na maua.

Nikanunua miche miwili. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokubali nilichokuwa nakikwepa: mahali pa kupanda ni pale pale penye mti wake. Kwingine kote ni saruji na kamba za nguo.

Mama mkwe yuko kwangu, amekuja kutoka Vihiga kwa ajili ya kliniki ya macho. Kila asubuhi kabla ya chai hutoka nje akaushika ule mti kwa kiganja, kisha hurudi ndani. Ningemwambiaje mimi kwamba nataka kuukata? Niliogopa aone namfukia mwanawe mara ya pili. Leo nikajikaza, nikamweleza yote, habari za Anna na mwenzake, hadi ule uchumaji wa majani.

Kisha akaniambia nivue kitambaa nilichojifunga kichwani.

Kwetu, baada ya mazishi wafiwa hunyolewa, na nywele zikianza kuota, ndiyo ruhusa ya kurudi katika maisha. Tulinyolewa sote. Za wenzangu ziliota. Mimi nimekuwa nikirudi kwa kinyozi wa hapa mtaani kila zinapochomoza, kisha najifunga kitambaa. Wengine walidhani ni mtindo, wengine walidhani ni ugonjwa. Hakuna aliyeniuliza.

Mama akapitisha mkono juu ya kichwa changu.

"Mtu hunyolewa mara moja, mwanangu," akasema. "Hata huo mti wa Anna wananyoa majani ndio uchipuke. Wewe unanyoa usichipuke."

Nililia kama siku ile ya kaburini, naye akaniacha nilie.

Nilipotoka na panga nilidhani atabaki ndani asione. Badala yake alinifuata, akaninyooshea mkono.

"Nilimzaa mimi. Nianze mimi."

Akapiga pigo moja tu, hafifu, gome likachubuka, akanirudishia panga. Nimeumaliza mwenyewe. Kisiki kilitushinda, jirani yetu fundi akaja na sururu. Mama ameweka kando kipande cha shina. Atasafiri nacho hadi Vihiga, akakiweke kwenye kaburi la mwanawe.

Sasa miche yangu imesimama pale, midogo, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake. Kila nikiitazama naona haya kidogo, kama mtu aliyekaribisha wageni kabla ya kutandika kitanda. Sijui kama itazaa. Wycliffe angesema itazaa, tena mapema.

Jioni kinyozi alipita mlangoni akanisalimia. Akauliza, "Mathe, sijakuona hii wiki. Unakam kunyolewa kesho?"

Nilimwambia hapana.

Naandika haya bila kitambaa. Nikipapasa kichwa, nywele zimeanza kunikwaruza kiganja. Nitaziacha.